Seli iliyoshiba haitoi rangi

Msimu wa zambarau ukifika, watoto wa Ngamiani, hapa Tanga, huonyeshana ndimi. Ulimi ukiwa mweusi, ujue mwenyewe kala za kutosha. Rangi hiyo ndiyo kazi yangu. Ni antosiyanini, zilezile za zabibu nyeusi na rozela, zinazochunguzwa sana kwa faida zake mwilini. Mimi nazitafuta bila mti, kwa kukuza seli za tunda ndani ya chupa.

Nachukua zambarau changa, ya kijani bado, maana seli za tunda lililoiva zimeshachoka kugawanyika. Naiosha kwa sabuni, naichovya kwenye spiriti ya asilimia 70, halafu kwenye maji ya klorini. Kipande kama punje ya mchele nakilaza juu ya agari, aina ya jeli, yenye madini, vitamini, homoni na gramu 30 za sukari kwa lita. Mchanganyo wa madini ni ule wa wanasayansi Murashige na Skoog wa mwaka 1962, ambao wengi wetu tunaufuata hadi leo. (Agari hutokana na mwani, ila si huu wanaolima akina mama wa Mkinga, huo hutoa jeli nyingine, karajinani.)

Usafi ndio roho ya kazi. Bakteria wengine hujigawa kila dakika 20. Seli ya mmea mara nyingi huchukua siku moja au zaidi. Niliwahi kumwaga kazi ya wiki sita kwa sababu ya koleo nililolipitisha motoni harakaharaka.

Mambo yakienda sawa, kipande huota donge la rangi ya krimu, linalomeguka kama mkate uliolowa. Hiyo ndiyo kalusi. Naitia kwenye maji yenye virutubisho vilevile, juu ya mashine ya kutikisa, gizani. Inaongezeka vizuri sana, lakini nyeupe! Kijana ninayemfundisha aliniuliza, "Mwalimu, mbona zambarau yenyewe siioni?"

Alikuwa ameuliza swali lenyewe. Mmea hautengenezi rangi hii kwa ajili yetu. Ni kinga yake dhidi ya jua kali, baridi na njaa. Seli iliyo gizani, yenye naitrojeni tele na homoni ya kuihimiza igawanyike, itajikinga na nini? Kwa hiyo naiacha kwanza ishibe na kuongezeka, kisha naihamishia kwenye naitrojeni kidogo na sukari zaidi, nawasha taa, na kutia metili jasmoneti kidogo sana. Kemikali hiyo imo kwenye harufu ya asumini tunayovaa harusini. Mdudu akitafuna jani, kwa mmea hiyo ndiyo mbiu ya mgambo.

Siku chache baadaye vinatokea vidoa vya waridi. Kwenye hadubini, seli moja imejaa zambarau tupu, na jirani yake ni angavu kama maji.

Wajapani walishauza rangi nyekundu ya shikonini kutoka kwenye seli za chupani mwaka 1983, lakini hiyo ilikuwa adimu na ya bei kubwa. Antosiyanini tunazokula, ziwe za chupani au za tunda, hufyonzwa kidogo tu mwilini, kwa hiyo anayetaka afya namwambia waziwazi anunue fungu la zambarau pale sokoni Mgandini. Chupa ina maana pale mti unapokuwa haba, au kemikali inapohitajika mwaka mzima kwa kiwango kilekile.

Sasa nachagua vijidonge vya kalusi vyenye rangi iliyokolea, navihamisha peke yao kila wiki tatu. Vyeupe navitupa.