Kuacha ugali si sawa na kumeza dawa ya kolesteroli

"Acha ugali, wali na chapati, kolesteroli itashuka yenyewe, vidonge tupa." Ushauri huu una nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Ukipunguza wanga, uzito hupungua na trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, hushuka vizuri tu. Lakini inayoziba mishipa hasa ni LDL, ile kolesteroli "mbaya", na kolesteroli nyingi mwilini hutengenezwa na ini lenyewe. Sasa tazama sahani ya aliyeacha wanga: mbavu za mbuzi zinazochuruzika mafuta, mayai ya kukaanga kwa samli, mchicha wa tui zito. Mafuta ya aina hiyo hulifanya ini lizoe LDL kidogo kutoka kwenye damu, na kwa baadhi ya watu kipimo hupanda. (Samaki, maharage na parachichi ni habari nyingine.)

Statini, yaani vidonge vya kushusha kolesteroli kama atovastatini, hubana utengenezaji wa kolesteroli huko huko kwenye ini. LDL hushuka kwa asilimia 30 hadi 50, kutegemea dozi. Aliyewahi kupata kiharusi asiache kidonge eti kwa sababu amepungua kilo 6. Apime LDL, majibu ayapeleke kwa daktari wake.