Kabla ya kumwaga dawa, jua mayai yalipo

Mtu akipewa kazi ya kupunguza mbu kwenye kinamasi cha pwani, kwa kawaida huenda moja kwa moja kwenye maji. Lakini mbu wasumbufu zaidi wa vinamasi vya chumvi hawatagi majini. Majike ya Aedes vigilax huko Australia na Aedes taeniorhynchus katika mwambao wa Amerika hutaga juu ya tope bichi na kwenye vitako vya majani, maji yakishapwa. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa wiki, hata miezi. Bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikipanda au mvua kubwa ikinyesha, huanguliwa kwa wingi siku hiyohiyo. Penye joto, mbu kamili huruka ndani ya wiki moja hivi, na wanaweza kusafiri kilomita nyingi kutoka walikozaliwa.

Kwa hiyo chombo changu cha kwanza ni jedwali la kupwa na kujaa. Sehemu inayofunikwa na maji kila siku haina shida kubwa, maana haikauki vya kutosha na samaki huingia na kutoka. Shida iko juu zaidi, nyuma ya mikoko, kwenye vidimbwi vinavyofikiwa na bamvua pekee kisha vikabaki na maji yasiyo na njia ya kurudi baharini. Vichoreni kwenye ramani wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo, vinapoonekana vizuri, na muvikague siku ya pili baada ya bamvua.

Kukagua kunataka upawa mweupe wa mililita 350 wenye mpini mrefu. Nenda taratibu, kivuli chako kisitangulie, kwani viluwiluwi wa mbu wakihisi kivuli au mtikisiko huzama. Inamisha upawa kama nyuzi 45, uchote haraka pembezoni mwa majani, si katikati ya maji yaliyo wazi. Mkao wao nao unasema jambo. Anayelala sambamba na uso wa maji ni Anopheles. Anayening'inia kichwa chini kwa mrija wa kupumulia ni Culex au Aedes. Usidhani chumvi humfukuza Anopheles: Anopheles merus wa pwani ya Afrika Mashariki, anayeeneza malaria, huzaliana kwenye maji ya chumvichumvi.

Hapo ndipo dawa inapata nafasi, na nafasi yenyewe ni fupi. Bti, bakteria iliyogunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, huua kwa kuliwa: fuwele zake za sumu hupasua utumbo wa kiluwiluwi. Pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, hali chochote, na kiluwiluwi wa hatua ya nne akikaribia kuwa pupa huacha kula. Ukichelewa hadi siku ya tano, umemwaga dawa nzuri juu ya wadudu waliokwisha kufunga mdomo. Lenga siku ya pili hadi ya nne baada ya maji kuingia, kisha rudi baada ya saa 24 hadi 48 uchote tena palepale. Kwenye majani mazito tumia dawa ya chembechembe, kwa kuwa dawa ya maji hunasa kwenye majani na haifiki chini.

Methoprini, dawa inayoiga homoni ya ukuaji wa wadudu, hufanya kazi tofauti, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Viluwiluwi huendelea kuogelea kana kwamba hawajaguswa, mtu akaamini dawa imeshindwa na kuirudia bure. Dawa hii huzuia pupa asitoke kuwa mbu. Ili kuipima, chota pupa pamoja na maji yao, waweke kwenye kikombe kilichofunikwa wavu, uhesabu wangapi wametoka.

Suluhisho la kudumu zaidi kwenye kinamasi, kwa maoni yangu, ni vijifereji vinavyounganisha vidimbwi na mkondo wa bahari, vikifuata njia ambayo maji yenyewe hupenda kupita. Kina kisizidi sentimita 30, na umbo liwe kama kijiko, lisilo na kingo za wima. Si suala la kubana gharama. Udongo mwingi wa mikoko una pairiti, madini ya chuma na salfa. Ukiuchimbua kwa kina ukakutana na hewa, hutoa asidi ya sulfuriki inayoua samaki, na samaki ndio wanaofuata maji ndani ya kijifereji kula viluwiluwi. Kosa la pili ni kulundika udongo pembeni: lundo hugeuka tuta, na nyuma ya tuta kunazaliwa kidimbwi kipya. Utawanyeni uwe tandiko jembamba. Midomo ya vijifereji izibuliwe mara kwa mara, maana hujaa tope na miche ya mikoko.

Ardhioevu ya kuchimbwa, hasa ya kusafisha majitaka, ina tabia nyingine. Haikauki, kwa hiyo bingwa wake ni Culex, ambaye hutandaza mayai 100 hadi 300 yaliyoshikana kama chelezo. Uchafu mwingi humpa chakula, na wakati huohuo hula oksijeni ya maji. Samaki hufa, maadui wengine wa kiluwiluwi hupungua, ilhali yeye anavuta hewa ya juu kwa mrija. Ndiyo maana kupandikiza samaki kabla ya kupunguza uchafu unaoingia ni kuwatupa. Tuliza kwanza tope kwenye tangi la kutangulia, ndipo ulete samaki, nao wawe wa asili ya eneo hilo. Gambusia, samaki wadogo wanaopelekwa kula viluwiluwi wa mbu, wameharibu viumbe wa majini sehemu nyingi walikopelekwa.

Matete yasifunike bwawa zima. Acha sehemu zenye kina cha mita 1.2 au zaidi, ambako hayaoti, ili upepo upige mawimbi na samaki wapite. Matete makavu yaliyolala juu ya maji ni mabaya kuliko yaliyosimama. Yakate na kuyaondoa.

Kwenye vitanda vya kokoto, ambako majitaka husafishwa yakipita kati ya kokoto, maji yakae sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hana pa kutaga. Ukiona dimbwi karibu na maji yanapoingilia, kokoto zimeziba. Shusha kimo cha bomba la kutokea, kisha ondoa na kuosha kokoto za mwanzo.

Na ukiumwa na mbu wengi huku upawa ukitoka mtupu, shuku Mansonia, aina nyingine ya mbu. Viluwiluwi wake huchoma mizizi ya gugumaji na kuvuta hewa humo bila kupanda juu. Ng'oa mmea mzima, uutikise ndani ya ndoo ya maji uone nani anadondoka.