Kokwa za zambarau haziponyi kisukari

"Unga wa kokwa za zambarau unamaliza kisukari." Haumalizi! Mwenye kisukari aina ya 1 hana insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) ya kutosha mwilini, na hakuna kokwa inayomtengenezea. Akiacha sindano kwa ajili ya unga huo, siku chache tu zinatosha kumfikisha kwenye kutapika na kuhema kwa nguvu, damu imeshajaa asidi.

Imani hii imetoka India, kwao mzambarau, ambako waganga wa jadi wanazitumia kokwa hizo tangu zamani. Ni kweli kwamba panya wa maabara waliopewa dondoo ya kokwa walishuka sukari. Lakini dondoo ile ilipimwa kwa uzito wa panya. Kijiko cha unga wa sokoni hakuna ajuaye nguvu yake. Kwa binadamu, jaribio la Brazili lililochapishwa mwaka 2004 lililinganisha chai ya majani ya mzambarau na glibenklamidi, kidonge cha kisukari: kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Majani si kokwa, sawa. Basi muuza kokwa naye alete ushahidi wake.

"Mbona fulani sukari ilimshuka?" Mara nyingi alianza unga wiki ileile aliyopunguza ugali na kuacha soda, sifa zikaenda kwa unga. Kipimo kimoja cha asubuhi hakithibitishi kitu. Subiri HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari ya miezi 2 hadi 3.

Kama unautumia, mwambie daktari na usiache dawa. Sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15.

Tunda lenyewe nalo lisiliwe bila hesabu eti kwa kuwa lina ukakasi. Ukakasi ni tanini, na chumvi kidogo huupunguza. Wanga uko palepale, takribani gramu 15 katika kila gramu 100. Kiganja kimoja kinatosha.

Wapo pia wanaowalisha wajawazito zambarau "ziongeze damu". Rangi si madini ya chuma: gramu 100 hazifikishi hata nusu miligramu. Mjamzito ameze vidonge vya kliniki kila siku, ale dagaa, maharage na mchicha, na chai aisogeze mbali na mlo kwa saa moja au mbili, maana inazuia chuma kufyonzwa.