Profaili ya Mtumiaji katika Maabara ya Kompyuta ya Shule

Profaili ya mtumiaji ni mkusanyiko wa faili na mipangilio ambayo kompyuta humwekea kila mtu anayeingia kwa jina lake: nyaraka alizoandika, picha alizohifadhi, mwonekano wa skrini, lugha ya kibodi, printa aliyoichagua na kumbukumbu za kivinjari chake. Haifai kuichanganya na akaunti. Akaunti ni jina na nywila, navyo huthibitisha kwamba aliyeketi mbele ya mashine anaruhusiwa kuitumia. Profaili ni yale anayoyakuta baada ya kuruhusiwa. Akaunti yaweza kuwa nzima huku profaili imeharibika, na mwalimu asiyeijua tofauti hiyo atabadilisha nywila mara tatu nne bila kutibu chochote.

Katika Windows, kuanzia toleo la Vista, profaili hukaa ndani ya C:\Users, kila mtumiaji na folda yake, na ndani ya folda hiyo mna faili iitwayo NTUSER.DAT inayobeba mipangilio yake binafsi. Katika Linux, mahali pake ni /home. Kompyuta ikiwa ya mtu mmoja nyumbani, hakuna haja ya kulifikiria jambo hili. Maabara ya shule ni shauri jingine, kwa kuwa mwanafunzi hana kiti chake. Tuchukue mwanafunzi wa Kidato cha Nne katika shule ya Lamu aliyeanza mradi wake wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, wa somo la Kompyuta kwenye mashine iliyo karibu na dirisha, kisha siku ya pili akaikuta imekaliwa na mwenzake. Akiingia katika mashine nyingine kwa jina lilelile, atapokewa na skrini tupu, kwa sababu profaili yake imebaki kwenye diski ya ile ya kwanza. Na kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani hula bodi na viunganishi, mashine hiyo ya dirishani ikifa, kazi nayo huenda ikafa pamoja nayo.

Dawa ya zamani ni profaili inayohama, ambayo nakala yake kuu huhifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia mashine zote za maabara. Mwanafunzi anapoingia, profaili hunakiliwa kutoka kwenye seva hadi kwenye mashine aliyoketi. Anapotoka, mabadiliko hurudishwa. Hoja inavutia, lakini hesabu yake ni nzito. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, na kila profaili imefikia megabaiti 500 kwa sababu ya video na picha zilizorundikwa kwenye skrini. Wote wakiingia kwa pamoja kwenye mashine ambazo hazina nakala, seva itatakiwa kupitisha gigabaiti 20. Ikiwa imeunganishwa kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ambao kwa ubora wake wote hupitisha takriban megabaiti 12 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane), kazi hiyo itachukua karibu nusu saa, na sehemu kubwa ya kipindi itakuwa imekwisha kabla ya somo kuanza. Ni sawa na abiria anayevuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja mji wa Amu (Lamu) kila asubuhi akiwa amebeba vyombo vyote vya nyumbani, ilhali shughuli yake inahitaji kalamu na daftari tu.

Kuna kasoro ya pili, ambayo kwetu huonekana zaidi. Profaili inayohama kwa kawaida hurudishwa kwenye seva wakati mtumiaji anapotoka. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, hakuna aliyetoka kwa utaratibu. Yaliyohifadhiwa siku hiyo yatabaki kwenye diski ya mashine moja, na kesho yake mwanafunzi akiketi kwingine ataletewa nakala ya zamani.

Kwa maoni yangu, shule nyingi zingefaidika zaidi kwa kuyatenganisha mambo mawili: mwonekano wa kompyuta na kazi ya mwanafunzi. Mwonekano hauna haja ya kuhama. Msimamizi anaweza kuandaa profaili moja ya lazima, ambayo faili yake ya NTUSER.DAT hubadilishwa jina kuwa NTUSER.MAN, na kuanzia hapo mipangilio yoyote anayoichezea mwanafunzi hupotea anapotoka. Kazi, kwa upande wake, hupewa folda kwenye seva, na folda ya nyaraka ya kila mwanafunzi huelekezwa huko. Hapo hupita mtandaoni faili inayofunguliwa tu, na umeme ukikatika, kilichokwisha kuhifadhiwa kipo kwenye seva. Sharti ni kwamba seva yenyewe iwe na betri ya akiba ya kuiwezesha kuzimika taratibu, na kila folda iwekewe kikomo cha ukubwa.

Majina ya kuingilia nayo yanahitaji uangalifu. Katika mji ambao darasa moja laweza kuwa na akina Mohamed Ali watatu, namba ya usajili wa shule ni salama kuliko jina. Ile desturi ya kuandika nywila moja ubaoni ili darasa zima litumie akaunti moja ni ya kuachwa kabisa: hakuna atakayejua nani alifuta kazi ya nani, na taarifa za watoto huwa wazi kwa kila apitaye, jambo lisiloafikiana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019.

Mwisho wa mwaka, profaili za waliomaliza zilizobaki kwenye mashine hufutwa kupitia dirisha la profaili lililo ndani ya mipangilio ya mfumo, si kwa kuifuta folda pekee. Folda ikifutwa kwa mkono, rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo, huendelea kuikumbuka, na mtumiaji huyo akirudi mara nyingi hupewa profaili ya muda, ambayo yote yanayohifadhiwa ndani yake hufutwa anapotoka. Mwanafunzi akiona onyo la profaili ya namna hiyo, anakili kwanza alichoandika kwenye folda ya seva au kwenye flashi, ndipo atoke na kumwita mwalimu.