Picha ya Staa Haitoshi Kukupeleka Chuo cha Sanaa

Kwa miaka mingi wanafunzi wameaminishwa kwamba jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa michoro ya mwombaji, linalopelekwa chuo cha sanaa linapaswa kujaa michoro iliyokamilika bila doa, hasa sura za watu mashuhuri zilizonakiliwa kwa penseli kutoka kwenye picha za simu hadi kila unywele uonekane. Imani hiyo si sahihi. Mchoro wa namna hiyo unathibitisha subira ya mkono, na subira si haba, lakini kamera imekwisha kuamua mwanga, pembe na mahali pa kukata picha, hivyo mwombaji hajaonyesha anavyoona yeye mwenyewe.

Chuo cha Rhode Island School of Design, nchini Marekani, kwa miaka mingi kiliwataka waombaji wachore baiskeli. Anayechora kwa kumbukumbu mara nyingi huunganisha fremu moja kwa moja na gurudumu la mbele, kiasi kwamba baiskeli yake isingeweza kupinda kona. Aliyekaa mbele ya baiskeli halisi huona uma unaoshika gurudumu la mbele, mnyororo na spoki zinavyoshikana.

Chuo hicho humtaka kila mwombaji apeleke kazi zake za sanaa kati ya 12 na 20. Katika idadi hiyo, kurasa chache za daftari la michoro, pamoja na mistari iliyofutwa na kurudiwa, zinastahili nafasi kuliko sura ya nne ya mwanasoka yuleyule. Zipige picha mchana, kwenye kivuli, bila mweko (flash) wa kamera.