Hatua za watu zinavyolisukuma daraja kando

Ninapokagua mahesabu ya daraja la waenda kwa miguu, cha kwanza ninachokitafuta ni msukumo wa kando. Uzito wa watu karibu kila mhandisi ameshaukokotoa. Msukumo wa kando ndio ulioliyumbisha daraja la Millennium la London lilipofunguliwa tarehe 10 Juni 2000, likafungwa siku mbili baadaye.

Mtu hukanyaga takriban mara mbili kwa sekunde. Mguu wa kushoto husukuma huku, wa kulia kule, kwa hiyo msukumo wa kando hujirudia mara moja hivi kwa sekunde. Ni mdogo mno, na katika umati wa kawaida misukumo hiyo hufutana. Tatizo huanza sakafu inapocheza kidogo: mtu hutanua miguu asipepesuke, na bila kukusudia huanza kuufuata mwendo wa daraja. Kila anayeufuata huukuza. Wahandisi wa kampuni ya Arup, waliolisanifu, waliwatembeza watu juu yake kwa majaribio wakaona kwamba msukumo huongezeka kadiri kasi ya kuyumba inavyoongezeka. Basi umati hulilisha daraja nishati badala ya kuimeza. Ndiyo maana kuna kizingiti: kwa idadi fulani daraja limetulia, ukiongeza wachache tu linayumba vibaya. Waliongeza vifaa vya kumeza mtikisiko, 37 kati yake vikiwa vya kimiminika, na daraja likafunguliwa tena Februari 2002.

Linaloniuma ni kwamba Yozo Fujino na wenzake walishaieleza hali hii mwaka 1993, baada ya kuchunguza daraja lenye msongamano huko Japani. Makala yao ilitoka katika jarida la uhandisi wa matetemeko ya ardhi. Msanifu wa madaraja angelifungua kwa sababu gani? Viwango vya wakati ule navyo vilikazia mtikisiko wa juu na chini. Kwa hiyo nawaheshimu sana Arup kwa kuchapisha mwaka 2001 walichokigundua, wakati wangeweza kutengeneza na kunyamaza.

Leo viwango vya Ulaya vinadai uhakiki wa starehe ya watembeaji iwapo marudio asilia ya kando, yaani mara ambazo daraja huyumba lenyewe likishasukumwa, hayafiki 2.5 kwa sekunde. Mimi hudai zaidi: daraja likishajengwa, litikiswe na kupimwa. Uwezo wake wa kumeza mtikisiko hutegemea viungo, vitako vinavyolibeba na hata vizuizi vya pembeni, na hakuna mchoro unaouonyesha kwa uhakika.