Kikaratasi kinaposema "zima antivairasi kwanza"

Mama mmoja mwenye duka la stesheneri alinipigia asubuhi, printa mpya ya risiti iko mezani na wateja wamepanga foleni. "Fundi, nimechomeka flashi iliyokuja kwenye boksi, kompyuta imetoa onyo. Kikaratasi kinasema nizime antivairasi kwanza ndipo niweke draiva, ile programu ya kuiendesha printa. Nizime?"

"Usizime, mama. Nisomee jina lililoandikwa kwenye onyo."

Akasoma taratibu: Trojan, Win32, Wacatac, nukta, B, alama ya mshangao, ml.

Jina hilo ndilo linaloamua hatua inayofuata, na karibu kila mtu hulipita bila kulisoma. Ukiona dirisha la buluu la Windows linalosema mchapishaji hajulikani, hakuna kirusi kilichokamatwa. Faili tu halijazoeleka au halina sahihi ya kidijitali inayotambulika. Ukiona Windows 11 inakataa kupakia draiva kwa ajili ya ulinzi wa kumbukumbu, mara nyingi draiva ni ya zamani, na dawa ni kutafuta toleo jipya. Onyo lenye neno HackTool, yaani zana ya udukuzi, ni habari nyingine. Mwaka 2025 Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ilianza kuikamata Winring0, draiva iliyotumiwa na programu nyingi za kuendesha feni na taa za kompyuta. Waliokuwa wakiitumia hawakuwa wezi, lakini draiva yenyewe ina tundu ambalo programu yoyote mbaya inaweza kulipitia hadi kwenye kiini cha Windows. Onyo lilikuwa na haki.

Sasa hiyo "ml" ya mama, kifupi cha machine learning, yaani mashine iliyojifunza kubashiri. Maana yake Defender haikulitambua faili kwa alama inayojulikana. Imekisia kwa umbo na tabia yake. Makisio hukosea, na Wacatac.B!ml nimeiona ikibandikwa kwenye mafaili safi kabisa. Lakini kukosea jana si ushahidi wa leo. Mwaka huohuo wa 2025, mtu aliyekuwa akiijaribu printa ya kampuni ya Procolored alichomeka flashi iliyokuja nayo, antivairasi ikapiga kelele. Kampuni ikajibu kwamba ni antivairasi iliyokosea. Wachunguzi wa G Data, kampuni ya antivairasi ya Ujerumani, walipokagua programu zilizokuwa zikipakuliwa kwenye tovuti yake, walikuta mafaili 39 yameambukizwa. Kulikuwa na XRed, inayomfungulia mtu wa mbali mlango wa nyuma, na SnipVex, inayobadilisha anwani ya bitcoin uliyokopi ili hela iende kwa mwingine. Muuzaji anaweza kuwa mkweli na bado akakupa faili bovu.

Kwa hiyo flashi nilimwambia aichomoe. Tuligeuza printa, tukasoma modeli kwenye stika ya chini, tukapakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kabla ya kuifungua nilimwelekeza abofye faili kwa kitufe cha kulia, aingie kwenye sifa zake, atafute sehemu ya sahihi za kidijitali. Jina la mtengenezaji lilikuwepo, na Windows ikasema sahihi ni halali. Tukalipeleka pia VirusTotal, ambako antivairasi zaidi ya 60 hulipima faili moja kwa mkupuo. Moja au mbili zisizojulikana sana zikilalamika, naendelea kuchunguza. Zikilalamika nyingi, nalifuta. Hili halikulalamikiwa hata na moja.

Kama isingepatikana draiva safi, ningemwambia airudishe printa dukani. Ningemwambia hivyo hata kwa printa ya bei ya kutupa, maana kompyuta ile ndiyo yenye madeni ya wateja na hesabu zote za duka.

Na jambo moja linaniuma sana: msamaha. Nimekuta kompyuta ambayo fundi aliyetangulia aliiambia antivairasi isiikague diski C nzima, ili draiva moja ya skana ipite. Skana ilikufa zamani. Msamaha ulikuwa bado upo. Ukilazimika kusamehe, samehe faili moja ulilolithibitisha, si folda, si diski.

Printa ya mama ilitoa risiti ya majaribio kabla ya saa nne. Flashi ameiweka kwenye bahasha, nje ameandika kwa kalamu nyekundu: isichomekwe.